Mwaka Kompyuta Ilikalia Sauti ya Mama

Wewe, hebu niambie, umewahi kuziba masikio na vidole vyako mwenyewe ndiyo usisikie sauti ya mama yako? Mimi nimewahi. Nilikuwa nimesimama kwa korido ya ghorofa ya tatu, hapo barabara ya Luthuli katikati ya taoni Nairobi, vidole ndani kabisa ya masikio, na juu yake naimba wimbo ya kanisa ndiyo hata neno moja isipenye. Watu walikuwa wanapanda ngazi wananiangalia, wanasema huyu mama wa chai leo ameshikwa na nini. Wacha waseme. Huko ndani ya ofisi mama yangu alikuwa anaongea, na haikuwa imefika saa ya mimi kumsikia.

Nilikuwa nimeanza kusahau hiyo mambo. Ni Shiro, msichana tulikuwa naye kazini zamani, amenikumbusha juzi. Shiro alitualika kwake Mountain View, tukule tu, tuonane. Siku hizi ako na nyumba nzuri, viti laini, ukikaa unazama mpaka unaitisha mtu akuvute. Nilienda na mjukuu wangu, na Mwalimu Kioko, mkubwa wetu wa hiyo kazi, naye akakuja kutoka kwao Machakos, kichwa nyeupe yote kama pamba, anatembea na fimbo. Tukawekewa pilau na kachumbari. Mimi nikamwangalia yule mzee anakula polepole, na yule mjukuu wangu anamwongezea juisi, na nikajiambia, haki Mungu ni wa maajabu, hawa wawili hawajui vile walingojana. Huyo msichana alikaa bila jina kwa sababu ya kompyuta ya huyo mzee. Nami ndiyo nilikuwa hapo katikati.

Hiyo wakati nilikuwa mtu wa nguvu bado. Nilikuwa nakaa Uthiru, na kazi yangu ilikuwa kupika chai kwa college ya kompyuta ya Mwalimu Kioko. Ukisikia college usifikirie mageti na majani. Ilikuwa chumba moja ndefu, meza zimepangwa kwa ukuta, kompyuta zile za mgongo mkubwa, na huko nyuma pazia. Nyuma ya pazia ndiyo kwangu: jiko ya gesi, sufuria, na karai ya mandazi. Chini yetu, kwa barabara, maduka ya redio. Wewe unajua Luthuli. Kila duka inapiga ngoma yake, spika ziko nje zimeangalia watu, lingala inapigana na injili, mpaka vikombe vyangu vinacheza kwa rafu. Mwalimu alikuwa anafundisha kwa kelele hiyo kama hakuna kitu. Alikuwa mtu mpole, shati imepigwa pasi, anapenda chai ya tangawizi, na wanafunzi wakikosea hawatukani, anauliza tu, "Sasa wewe hapo ulitaka ikufanyie nini?"

Sasa sikiza. Mwezi wa mvua, msichana wangu Rose akajifungua mtoto msichana. Mtoto wa kwanza kwa nyumba yetu. Na kwetu, Bungoma, jina ya mtoto haitoki tu hewani, mtu mkubwa ndiye anapeana. Huyo mtu alikuwa mama yangu. Mama hakujua kuandika, mimi nami nilisoma kidogo tu nikatoka, kwa hivyo barua zetu zilikuwa za kaseti. Yeye anaongea kwa redio ya jirani, anapea mtu wa basi, mimi nachukua hapa stage. Upande wa kwanza wote ni salamu! Anasalimia mimi, anasalimia Rose, anasalimia kanisa yetu, jirani zangu wa Uthiru ambao hajawahi kuona, anakuambia ng'ombe amezaa, anakuambia nani amegombana na nani. Ukitaka jambo yenyewe, geuza upande wa pili. Na sheria ya kaseti ya mama ilikuwa moja: haisikizwi na mtu peke yake. Mkae chini, mpike chai, msikize pamoja, kama vile yeye amekuja kuwatembelea.

Kaseti ya jina ikafika Rose akiwa bado hospitali. Redio yangu ilikuwa inakula kaseti, ilishakula moja ya kwaya, kwa hivyo nikaogopa. Nikaibeba kwa mfuko wa leso mpaka kazini. Mwalimu akasema, "Mama Rose, lete tuiweke ndani ya kompyuta. Huko haiwezi kuliwa." Akachukua walkman ya Shiro, akaunganisha na waya, akavaa zile za masikio ndiyo ajue kama inaingia vizuri. Lakini sauti ilikuwa inatoka pia kwa spika ndogo, hakujua kuizima. Ndiyo hapo mimi nikatoka mbio kwa korido nikaziba masikio. Nikikumbuka nacheka mpaka sasa. Mwalimu ni Mkamba, Kibukusu, lugha yetu, hajui hata neno, kwa hivyo yeye angesikia tu na haina shida. Alikuja kuniita akasema, "Imeingia yote. Mama yako anaongea vizuri. Hapo mwisho alicheka sana." Nikamwambia nyamaza, usiniambie!

Rose akatoka hospitali. Jumapili nikaita watu, nikapika chapati na ndengu, jirani akaleta redio yake kubwa ya maana. Mama akaanza salamu. Amesalimia mimi, amesalimia Rose, amefika tu kwa kanisa, redio ikamlia "mwaaauuu" kama ng'ombe. Tulipofungua, utepe wote umejikunja ndani kama tambi. Tulijaribu na biro, tukazungusha, ukakatika. Rose akaanza kulia. Mimi nikasimama hapo kifua mbele, nikasema, "Mnalilia nini? Mama ako kwa kompyuta." Nilijisikia mtu wa maana sana hiyo siku. Tena nikasema, hata hiyo kompyuta ikikataa, nitapiga simu kwa duka ya huko nyumbani wamwite.

Kabla hiyo wiki iishe, simu ikapigwa kutoka huko nyumbani. Mama alikuwa amelala na hakuamka.

Sitakueleza mambo ya mazishi. Nitakueleza tu hii: kila mtu aliyesalimia huyo mtoto pale nyumbani aliuliza, "Anaitwa nani?" Na mimi nikawa najibu, "Bado." Shangazi yangu akasema, "Bado nini? Amezaliwa mvua ikinyesha, huyo ni Nafula, mambo imeisha." Nikamwambia mama ameshasema jina, imebaki tu kusikia. Akaniangalia kama mtu amechanganyikiwa. "Maiti imesema na nani?" Nikamwambia, "Na kompyuta."

Nikarudi Nairobi, nikaenda kazini mbio hata chai sijaweka. Nikasema Mwalimu, nifungulie mama. Mwalimu akaangalia chini. Kumbe nikiwa huko nyumbani, kompyuta zote zilikuwa zimebadilishwa roho. Mwili ni ile ile, mgongo ile ile, lakini ukiiwasha inakuja rangi ingine na vitu vimekaa mahali pengine. Sababu ni hii: kulikuwa na watu wanazunguka maofisi za taoni wanauliza, hizi programu zako, leseni iko wapi? Na hapo Luthuli mzima, nani alikuwa na leseni? Kila mtu alikuwa amenunua CD kwa barabara, zile za kuandikwa na kalamu. Mwalimu hakuwa analala. Akaamua, na Shiro alinihadithia vile aliambia wanafunzi, sauti imetulia hivi, "Kuanzia leo, hakuna kitu ya wizi kwa hii chumba." Akatoa zote. Akaweka programu ya bure, lakini bure ya halali.

Hiyo kitu ya bure ilinishangaza, wacha nikuambie ukweli. CD zake zilikuja na posta, kwa bahasha, kutoka ng'ambo, na hakuna mtu alikuwa amelipa. Nikamuuliza Mwalimu, hii imetoka kwa nani? Akasema imetengenezwa na watu wengi sana, kila mmoja kwake, mwingine huku mwingine kule, hawajuani sura. Wanaandika, wanaachilia, mtu yeyote achukue, apee mwenzake, afungue ndani aone vile imeshonwa, na kama hapendi abadilishe. Nikamuuliza, "Na hao watu wanakula nini?" Shiro akacheka akamwaga chai. Shiro alikuwa mwanafunzi ambaye Mwalimu alimfanya msaidizi, msichana mdomo mrefu wa huko mtaa wa Satellite. Lakini mimi sikuwa nacheza. Nilikuwa nafikiria mtu ameamka kwake asubuhi, baridi, anaandika kitu ndiyo mimi Mama Rose niipate Luthuli, na hatawahi kunijua. Nilishika hiyo CD kama kitu ya kanisani.

Basi nikasema, nifungulie. Akabonyeza. Jina ya kaseti iko hapo, Shiro aliandika MAMA WA MAMA ROSE. Akabonyeza tena. Kompyuta ikaandika maneno, haikutoa sauti. Mwalimu akatusomea: haijui kufungua aina hiyo ya sauti. Nikasema, "Si iko ndani?" Akasema, "Iko ndani." "Imeharibika?" "Haijaharibika. Iko nzima kabisa." Sasa mimi nikakaa kwa kiti ya mwanafunzi na aproni yangu ya unga, nikamwambia, Mwalimu, nieleze kama mtu mjinga, maana hapa nimeshindwa.

Na alinieleza, mpaka leo naweza kukueleza wewe. Alisema, "Sauti ni kubwa kama godoro. Haiwezi kuingia kwa kompyuta ikae vizuri mpaka uikunje, uikaze na kamba. Kuna watu waligundua namna moja nzuri sana ya kukunja. Ile siku ya kaseti, programu yetu ya zamani ilikunja na hiyo namna, mimi hata sikufikiria. Sasa, hao watu waliandikisha hiyo namna kwa serikali za kwao, ni yao. Anayetengeneza kitu ya kukunja au kukunjua lazima aombe leseni, na alipe. Hii programu yetu ni ya kupeana bure, wenyewe hawawezi kulipia kila mtu duniani, kwa hivyo wameiacha nje."

Nikamuuliza, "Hata kama godoro ni yangu?"

"Hata kama ni yako."

"Hata kama mama ni wangu?"

Huko chini kwa maduka spika zote zilikuwa zinapiga muziki na zimekunjuliwa zote, mimi peke yangu ndiyo godoro yangu imefungwa.

Shiro, ambaye mimi alikuwa ananiita Mathe, akasema, "Mwalimu, si tushushe tu hiyo kitu kwa intaneti, ni dakika mbili bana. Iko hapo imewekwa na watu wengi. Ama niende na Mathe hapo cyber ya chini, wao hawajali."

Mwalimu akatembea mpaka kwa dirisha, akarudi. Akasema, "Mimi hata sijui kama hiyo sheria yao inafika hapa Luthuli. Mama Rose, wewe sema tu. Nitaweka sasa hivi. Nilisema hakuna wizi, lakini hii ni mama yako."

Na wewe unafikiri nilisema nini? Domo yangu ilikuwa imefunguka kusema weka. Lakini nikamkumbuka mama. Mama yangu siku ya kupeana jina alikuwa na ugumu wake. Hiyo asubuhi anazunguka nyumba yake yote: hii sufuria ni ya nani, iliombwa? Hii stuli? Kama imekuja bila kuombwa, rudisha, uombe, halafu uilete tena. Aliwahi kunirudisha mimi msichana mdogo kwa shamba ya jirani na majani ya mboga mkononi, ati nilichuma nikipita na sikusema hodi. Jina bado haijatajwa, wageni wamekaa, wote wananingoja. Alisema mtoto akiitwa jina yake mara ya kwanza, asiitwe ndani ya kitu haijaombwa. Sasa ni huyo mama, na sauti yake, na jina ya mjukuu wangu, nami nimfungue na kitu haijaombwa? Angenyamaza huko ndani akatae kuongea!

Nikasema, "Mwalimu, hapana. Tungoje."

Shiro akashika kichwa. "Mathe, tungoje nini sasa?" Hata mimi sikujua ni nini. Jioni nikamwambia Rose, na Rose alinikasirikia vibaya. Alikuwa anamwogesha mtoto kwa beseni, akasema bila kunitazama, "Kwa hivyo mtoto wangu akae bila jina kwa sababu ya leseni ya wazungu." Nikasema siyo ya wazungu, ni sheria ya kukhu yako, nyanya yako. Akasema, "Kukhu amekufa, Mama." Nikachukua mtoto nikampaka mafuta.

Tulikuwa tunamwita Mtoto. Kwa kliniki wanaita majina, "Baby wa Rose!" Shangazi anapiga simu, "Nafula hajambo?" Mvua ikaisha, baridi ya Julai ikakuja, Mtoto akaanza kucheka, akaanza kukaa mwenyewe na mto nyuma. Na mimi kila asubuhi kabla ya kuweka chai nilikuwa napitia kwa ile kompyuta ya kona naigusa kichwa, namsalimia kwa Kibukusu, "Mulembe, Mayi," yaani amani, Mama. Wanafunzi wapya walikuwa wanafikiri ninapanguza vumbi.

Mwalimu naye hakukaa. Alikuwa anaandika kwa intaneti, anauliza hao watu wa programu ya bure, Kiingereza yake nzuri ya pole pole. Alikuwa ananisomea majibu nikimwaga chai. Kuna mmoja wa mbali sana, kwao ni theluji, aliandika ati amesoma habari ya mama wa Bungoma na mtoto bila jina, amesomea mke wake. Fikiria! Mama yangu hajawahi kufika hata Eldoreti, na mtu wa theluji amemsomea mke wake habari zake. Mwingine akaeleza kuna namna ingine ya kukunja sauti, ambayo watu walikaa chini wakaitengeneza makusudi, ya bure, hakuna mwenyewe, ndiyo mtu asifungiwe tena hivi. Nikauliza, wanaweza kunikunjulia mama na hiyo? Mwalimu akasema hapana, yeye alishakunjwa na ile ingine. Lazima kwanza afunguliwe. Lakini akitoka, tutamweka kwa hiyo ya bure na hatarudi ndani tena.

Halafu asubuhi moja, maua ya jakaranda yameanguka zambarau barabarani mpaka unateleza, nikafika kazini nikapata Mwalimu amefika kabla yangu, na amewasha jiko yangu, maziwa imemwagikia. Hakuwahi kugusa jiko. Akasema, "Mama Rose, kuna kampuni huko ng'ambo imeenda kwa wenye leseni. Wameomba, wamelipa, halafu kile kipande cha kukunjua wamekiachilia kwa watu wote bure. Kwa ruhusa." Nikamuuliza pole pole ndiyo nisikosee, "Unamaanisha kuna mtu ametuombea?" Akasema, "Ndiyo. Kuna mtu ametuombea." Nikaketi kwa debe ya unga. Watu sijui majina yao, sijui sura, wamesema hodi kwa mlango kwa niaba yangu, ndiyo mama yangu aweze kuongea.

Nikamwita Rose. Alikuja na Mtoto mgongoni, uso bado umekauka. Niliosha vikombe, nikapika chai ya tangawizi na mandazi ya moto, kwa sababu sheria ni sheria, hasikizwi bila chai. Wanafunzi wakageuza viti. Shiro akafunga madirisha ya upande wa barabara. Mwalimu akabonyeza.

Mama akakohoa kwanza. Halafu akasema "Mulembe," na Rose akaweka mkono mdomoni. Alisalimia kila mtu, haki yake hakuacha hata mmoja. Ng'ombe amezaa. Wanafunzi hawaelewi kitu na wamenyamaza kama kanisani. Halafu kwa ule upande wa pili, kabla ya jina, mama akasema maneno ambayo sikuwa nimetegemea. Akasema, na wewe unayeshika hiyo mashine, sikujui, lakini najua kuna mtu ameishika, maana binti yangu redio zinamkataa. Mulembe kwako. Mungu akupatie mikono isiyochoka na sisi.

Nikamgeukia Mwalimu nikamwambia kwa Kiswahili, "Hapo anasalimia wewe." Akasema, "Mimi?" Nikamwambia maneno yote. Huyo mzee alikuwa ameisikia hiyo salamu siku ya kwanza na masikio yake mawili, na hakujua ni yake. Alitoa miwani, akaipanguza na shati, akaipanguza tena, na haikuwa chafu.

Halafu jina. Mama akasema, najua mvua inanyesha na mtataka kumwita Nafula. Msimwite. Muiteni Nasimiyu, jina ya kiangazi, ya dada yangu ambaye alinilea na hakuna mtu amemwita tena tangu aende. Mpaka huyu mtoto aje, nilikuwa nangojea. Halafu akacheka, ile kicheko Mwalimu alisema, ndefu, mpaka pumzi ikamwishia. Mtoto akageuza kichwa mgongoni kwa mama yake akiitafuta. Rose akasema, kwa sauti ya chini, "Nasimiyu." Ungeona vile yule mtoto alimwangalia!

Sasa juzi, hapo Mountain View, tumeshiba, Mwalimu akasema ile haki ya wenye ile namna ya kukunja iliisha muda wake kitambo. Siku hizi ni ya kila mtu, hakuna anayeuliza. Nikabaki mdomo wazi. Nasimiyu akatoa simu yake, akabonyeza, na mama yangu akakohoa hapo kati ya sahani za pilau, kutoka kwa CD ambayo Mwalimu alinitengenezea siku ile kwa namna ya bure, na huyu msichana amemhamisha simu kwa simu. Mwalimu akangoja mpaka ikafika salamu yake. Ilipofika, alisema kwa Kibukusu chake kibovu, "Mulembe, Mayi." Kumbe alijifunza.

Tukiwa kwa gari tunarudi Uthiru, nikamwambia Nasimiyu, hata mimi nazeeka, na wewe siku moja utapata mtoto. Akaweka kichwa kwa bega yangu. Akasema, "Kukhu, jina utasema wewe, na salamu zote, hata za ng'ombe hauna. Nitakurekodi kwa ile ya bure, mtu yeyote asihitaji kuomba ruhusa ndiyo akusikie." Nikamwambia na usisikize peke yako. Akacheka kile kicheko cha mama, akaweka vidole viwili ndani ya masikio yake, akasema kwa nguvu kama mtu hasikii, "Nitaziba hivi, Kukhu! Naahidi! Mpaka tukae wote na chai!"